Adabu Isiyo na Muhali: Mwongozo kwa Tabibu Mwanagenzi Amwonapo Mkubwa Wake Akikosea

Liko neno moja katika Kiswahili cha pwani ambalo kila tabibu kijana angelipaswa kulitafakari kabla hajavaa koti jeupe, nalo ni muhali. Muhali si woga mtupu, wala si heshima kamili. Ni ile soni imshikayo mtu asiweze kumwambia mwenziwe neno la kweli, kwa kuchelea kumuudhi, au kumwaibisha, au kuvunja ujamaa ulio kati yao. Kwa muhali mtu humkopesha jirani fedha ajuazo kwamba hazitarudi, na kwa muhali huo huo mgeni hula mchuzi uliochacha akausifu. Barazani gharama ya muhali ni ndogo, tena hulipwa na yule yule aliyeuona. Lakini wodini, daktari mdogo amwoneapo muhali daktari bingwa, mlipaji ni mtu wa tatu, aliyelala kitandani, ambaye hakushauriwa wala hana habari kwamba deni limeandikwa kwa jina lake.

Mwongozo huu waandikwa kwa ajili yako wewe uliye katika mwaka wako wa mafunzo kwa vitendo, au unayesomea ubingwa, usimamaye nyuma ya raundi kila asubuhi umebeba mafaili, ukijua ya kuwa yule aongozaye raundi ndiye atakayetia sahihi kwamba umefuzu. Haukusudii kukufunza ufidhuli. Wakusudia kukuonyesha namna ya kusema neno kwa wakati wake na kwa kiasi chake, hata mkubwa wako abaki na taadhima yake na mgonjwa abaki na uhai wake. Na pale ambapo mawili hayo hayawezi kukaa pamoja, ujue ni lipi la kutangulizwa.

Kwanza: Tambua amana ni ya nani

Kumheshimu aliyekutangulia katika kazi ni wajibu, na heshima hiyo ina sababu: amewaona wagonjwa wengi ambao wewe hujawaona, na aghalabu ushangaapo kwa amri yake, mshangao ni wa upungufu wako. Lakini mgonjwa hakuiweka roho yake mikononi mwa bingwa peke yake. Ameiweka amana kwa wote waliomzunguka, na kila mmoja wao ataulizwa kwa sehemu aliyoiona.

Januari 2000, katika mji wa Llanelli huko Wales, madaktari wa upasuaji waliokusudia kumtoa mgonjwa figo lililoharibika walimtoa lililo zima, na mgonjwa yule akafa baada ya majuma machache. Chumbani mle alikuwamo mwanafunzi wa udaktari, mdogo wa wote kwa cheo, naye alisema kwamba figo lile silo. Akaambiwa amekosea, na kazi ikaendelea. Yafaa ukumbuke habari hii kila unapojiambia, "Mimi ni nani hata nione wasiyoyaona wao?" Cheo huongeza ujuzi wa mkono na upana wa ilimu, lakini hakiongezi nuru ya macho, na mtu aliyezama katika kazi ngumu huweza kupitwa na jambo lililo wazi kwa aliyesimama kando. Mwanafunzi yule alitimiza sehemu yake kwa kusema. Kilichokosekana ni masikio ya wakubwa, na njia iliyokubaliwa na wote ya kuendelea kusema baada ya kukanushwa mara moja. Masikio hayo tutayarudia mwishoni. Njia ndiyo inayofuata.

Pili: Hakikisha, lakini saa isipite

Uonapo jambo lisilokupendeza, jiulize kwanza una muda gani. Ikiwa dawa imeandikwa ili itolewe jioni na sasa ni asubuhi, basi una fursa ya kutosha: lisome faili tangu ukurasa wa kwanza, utazame umri na uzito, kipimo cha dawa, mzio, majibu ya maabara, na upande wa mwili uliokusudiwa, kisha umuulize muuguzi msimamizi wa wodi, ambaye huenda amekuwa akiitoa dawa ile tangu wewe ungali skuli ya msingi. Nusu ya mashaka yako yatakwisha hapo, bila mtu kuudhika. Nusu iliyosalia itakuwa imepata nguvu, kwa maana hutakwenda kwa bingwa na dhana, utakwenda na ukurasa.

Bali ikiwa sindano imekwisha gusa ngozi, usitafute ushahidi. Sema, "Subiri," kisha ndipo ueleze. Dakika iliyopotea kwa hadhari isiyo na msingi hulipika. Dawa iliyokwisha ingia mshipani haitoki kwa kuombwa radhi.

Na kuna mambo ambayo hayangoji mashaka, huhakikishwa daima, la kwanza likiwa jina la mgonjwa. Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau yaliyotukia Novemba 2007 katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambapo wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishana zamu pasipo kujua, wa goti akapasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti. Na mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, mgonjwa alifunuliwa fuvu kutafutwa damu iliyoganda ambayo ilikuwa katika kichwa cha mwingine. Makosa ya namna hii hayamngoji mwanachuoni ayagundue. Yamngoja mtu ye yote, wa cheo cho chote, ambaye hatahayari kuuliza, "Huyu ni nani, na amekuja kufanywa nini?"

Tatu: Panda ngazi yenye vidato vinne

Mwanagenzi mwenye adabu huanza kwa swali, na aghalabu swali hutosha, kwa kuwa mkubwa aliyepitiwa hupata nafasi ya kujirekebisha mwenyewe pasipo kuonekana amerekebishwa. Hatari iko kwa yule anayeanza kwa swali na kuishia papo hapo. Januari 2001, huko Nottingham, Uingereza, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akitibiwa saratani ya damu alidungwa vinkristini katika uti wa mgongo, ilhali dawa hiyo haitolewi ila kwa mshipa, na iingiapo katika maji ya uti wa mgongo huua. Aliyeshika sindano alikuwa daktari mdogo. Alipokabidhiwa dawa na mkubwa wake aliuliza kama ni vinkristini, na akauliza tena kama kweli ni ya kutiwa mgongoni. Mara zote mbili akajibiwa ndiyo. Mashaka alikuwa nayo, bali hakujiona kuwa na nafasi ya kumpinga aliyemzidi cheo, akaidunga. Na majuma machache baadaye kijana yule alikuwa ameaga dunia. Mkubwa aliyesema ndiyo alikuwa mgeni katika wodi ile, mwenye siku chache tu tangu aanze kazi. Lakini muhali haukaguzi tarehe ya ajira, hutazama cheo tu.

Kwa hiyo baada ya swali pana vidato vitatu vingine. Tuseme bingwa ameagiza mama mmoja apewe ampisilini, nawe umesoma katika faili kwamba mwili wake haupatani na penisilini.

Kidato cha kwanza ni swali: "Dokta, samahani, huyu mama tunampa ampisilini?"

Akijibu, "Ndiyo, kama nilivyoandika," panda kidato cha pili, ambacho ni habari, ukieleza ulichokiona bila kukitia chumvi wala kukipunguza: "Dokta, faili linasema mwaka jana alichomwa penisilini, akavimba uso na pumzi ikambana. Nina wasiwasi."

Asipogeuka, panda cha tatu, ambacho ni rai, kwa maana aliyepewa wasiwasi bila njia ya kuuondoa hukasirika, na aliyepewa njia hupumua: "Naomba tuchague dawa isiyo ya jamii hiyo, ukiitaja, naiandika sasa hivi."

Na kama haya yote hayakufaa, basi kidato cha nne ni zuio, lisemwalo kwa sauti ya chini lakini bila kupepesa: "Dokta, hili ni jambo la usalama wa mgonjwa. Naomba tusimame hapa kwanza. Sista, tafadhali usiichome bado."

Tazama sasa msaada unaoupata katika lugha yako mwenyewe. Ukisema "unampa ampisilini" umenyoosha kidole; ukisema "tunampa" umeingia chomboni pamoja na mkubwa wako, na kosa likawa la jahazi zima badala ya kuwa la nahodha peke yake. Kadhalika neno "naomba" hubeba hata katazo zito pasipo kulidhoofisha. Lakini jihadhari na maneno ya kulainisha yakizidi, mathalan "labda pengine sijui, Dokta, huenda mimi ndiye sikuelewa vizuri, lakini nilikuwa nafikiri tu…", kwani mtu mwenye wagonjwa thelathini wa kuwapitia hatangoja mwisho wa sentensi hiyo, na maana yako itakuwa imezama kabla hujaifikia.

Nne: Chagua mahali

Ikiwa hatari si ya dakika hiyo, usimsahihishe mkubwa mbele ya mgonjwa, wala mbele ya jamaa waliokuja na chai ya chupa, ambao kwao kila neno huwa na uzito maradufu. Ngoja raundi isogee kitanda cha pili, umkaribie, useme, "Dokta, nina neno moja kuhusu mama wa kitanda cha tano." Watu wengi wangesikiliza kama wangeambiwa pembeni.

Lakini kinyume chake kina ubaya wake pia. Wako wanagenzi ambao hunyamaza mbele ya bingwa, kisha wakakutana kantini wakalieleza kosa lake kwa ufasaha na kicheko. Habari iliyofika kantini kabla ya kufika kitandani haijamfaa mgonjwa hata chembe, na ikimrudia mkubwa kwa mlango wa nyuma, humfanya aone kuwa kila asemaye ana hila.

Tano: Usiku, kwenye simu

Muhali hauna saa yake kama usiku wa manane, bingwa yuko nyumbani amelala, nawe umeshika simu huku ukijiuliza kama hali ya mgonjwa ni mbaya kiasi cha kumwamsha mtu mzima. Kanuni ni nyepesi: ukijiuliza mara mbili, piga. Na upigapo, panga maneno yako kwa mafungu manne, yaani hali ilivyo sasa, historia kwa ufupi, maoni yako, na ombi lako. Namna hiyo aliyezinduka usingizini hatalazimika kuichambua habari yako kama mchele wenye changarawe.

"Shikamoo Dokta. Ni mimi, daktari wa zamu wa wodi ya wazazi. Nina mama aliyejifungua saa moja iliyopita, anatoka damu nyingi. Presha ni 80 kwa 50, mapigo ya moyo 130. Ni uzazi wake wa tano, kondo la nyuma limetoka lote, tumempa oksitosini na kumkanda, damu haijakoma. Naona mji wa mimba haujikazi, na nachelea tutampoteza. Naomba uje sasa hivi. Damu nimekwisha agiza, na chumba cha upasuaji nimewaarifu."

Fungu la nne, yaani ombi, ndilo ambalo wanagenzi wengi huliacha likaning'inia, wakitumaini kwamba mkubwa ataling'amua mwenyewe. Mwaka 2005, huko Uingereza, mke wa rubani wa ndege aitwaye Martin Bromiley alipelekwa kufanyiwa upasuaji mdogo wa pua. Baada ya kutiwa usingizi njia yake ya hewa ilishindikana kufunguka, na madaktari wazoefu wakazama katika jitihada za kupitisha mrija kinywani huku oksijeni mwilini ikipungua. Wauguzi waliitambua hatari: mmoja alileta vifaa vya kutoboa koo akasema viko tayari, mwingine akaandaa kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi. Walileta ishara, lakini ishara haikupenya katika fadhaa ile, na mama yule hakuamka tena. Mumewe, ambaye katika kazi yake ya urubani alikuwa amezoea kuona msaidizi akifunzwa kumwambia mkubwa wake kosa waziwazi, aliyatoa maisha yake yaliyofuata kuwaeleza matabibu jambo hilo.

Mtu wa pwani asingeshangaa kusikia mafunzo hayo kwa rubani. Chombo kiingiapo penye miamba, baharia kijana aliye omoni hutupa bildi akatangaza kina cha maji kwa sauti, na nahodha aliye shetrini hamwoni mtovu wa adabu kwa kumpigia kelele. Angelimwona mtovu wa adabu kama angelinyamaza. Nawe basi, taja kina cha maji, kisha taja ulitakalo: "Njoo." "Tutoboe koo sasa." Na usikate simu mpaka umepata jibu lililo wazi.

Sita: Akikataa

Ikiwa umevipanda vidato vyote vinne na mkubwa wako amesimama palepale, na hatari ni ya kweli, basi mpandie mwingine. Hospitali ina bingwa wa zamu, ina msimamizi wa wauguzi, ina mkuu wa idara. Lakini fanya hivyo waziwazi, ukimwambia mwenyewe, "Dokta, kwa kuwa hatukuafikiana, nitamwomba Dokta wa zamu atupe rai yake." Hapa ndipo inapopambanuka nasaha na fitina: mwenye nasaha humjulisha mhusika kabla ya kwenda, na mwenye fitina humficha. Huenda akahamaki. Huenda juma zima likapita hakujibu salamu yako ila kwa kuguna. Sitakudanganya kwamba ukweli hauna gharama. Nakwambia tu kwamba gharama hii ni ya kwako na una nguvu za kuibeba, ilhali ile nyingine ingekuwa ya mgonjwa.

Kisha andika katika faili: saa ngapi uliona nini, ulimwarifu nani, na likaamuliwa nini. Usiandike lawama wala sifa ya mtu. "Saa 8:40 usiku, presha 80/50, bingwa amearifiwa kwa simu," yatosha. Maneno makavu ya namna hiyo humkinga kila mwenye haki, ukiwamo wewe.

Saba: Baada ya hayo

Siku ikitulia, mrudie mkubwa wako faraghani. Mwambie, "Dokta, jana nilisema kwa nguvu, nilichelea mgonjwa. Naomba unifahamishe kama kuna nililokosea." Wakubwa wengi walioghadhibika mbele ya watu hulegea wakiwa peke yao, na baadhi yao watakuambia, kwa namna yao ya kuzunguka, kwamba ulifanya vema.

Na ujiandae kwa siku utakayokuwa umekosea wewe. Utakuja kuona mwenye kifafa cha mimba ameandikiwa magnesiamu salfeti gramu 14 za kuanzia, 4 za mshipani na 10 za kugawanywa katika misuli ya makalio mawili, nawe kwa kuwa hujapata kuona wingi wa namna hiyo utadhani kalamu imeteleza. Kumbe kipimo ndicho hicho. Sema hata hivyo. Ukishafahamishwa, jibu, "Asante Dokta, sikulijua hilo," na usitahayari, kwa maana umepata somo kwa bei ya nusu dakika. Wala usiache kusema mara ya pili kwa sababu ya kwanza ulikosea, kwa kuwa bildi huzama mara nyingi mahali penye kina cha kutosha.

Ama kosa likiwa limekwisha tendeka, liwe la mkubwa au lako, lisifichwe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha kosa la tiba huumbuliwa na kifo cha pili, cha mgonjwa ajaye atakayekosewa vile vile kwa kuwa wa kwanza hakusimuliwa. Mgonjwa na jamaa zake wana haki ya kuelezwa yaliyotukia kwa lugha wanayoifahamu. Na uanzapo kuhesabu makosa ya wodi, anza na lako. Atakayekusikia ukilikiri la kwako atakuamini ukilitaja la mwingine.

Nane: Utakapokuwa bingwa

Kati ya 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa kabla, katikati na baada ya upasuaji, katika hospitali nane za miji minane duniani, na mmojawapo, sambamba na London, Toronto na Seattle, ulikuwa Ifakara, katika bonde la Kilombero. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2009, vifo baada ya upasuaji katika hospitali hizo vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Miongoni mwa mambo yale limo moja linaloonekana kama mchezo wa watoto: kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani hutaja jina lake na kazi yake. Faida yake yafahamika kwa ye yote aliyewahi kuona muhali, kwani mtu akishaitoa sauti yake mara moja mbele ya wakubwa, kuitoa mara ya pili humwia wepesi.

Miaka haikawii. Utaongoza raundi, na nyuma yako watasimama vijana waliobeba mafaili. Waambie tangu asubuhi ya kwanza, "Nikikosea, niambieni," na ujue kwamba hawatakuamini kwa maneno hayo, kwa kuwa kila mkubwa huyasema. Watangoja. Kisha siku moja, kando ya kitanda, mdogo wao kuliko wote atameza mate na kusema, "Samahani Dokta, huyu mama tunampa ampisilini?" Dakika hiyo wote waliosimama hapo wataacha kumtazama mgonjwa, wautazame uso wako.